Metali iliyofungwa majini na kemia ya kuifungua

Kuondoa metali nzito majini ni kazi iliyozoeleka. Maji taka ya kiwanda yakitiwa chokaa au kostiki soda mpaka yawe ya alkali, ioni za shaba, nikeli na zinki hushikana na haidroksidi, huganda kuwa chembechembe na kutuama chini kama tope. Maji ya juu huchujwa na kuruhusiwa kutoka. Mitambo mingi ya viwanda vya kupaka metali duniani hutegemea kanuni hiyo moja, na hufanya kazi vizuri mpaka siku metali inapoingia ikiwa tayari imeshikwa na kelati.

Kelati ni molekuli yenye mikono kadhaa inayoizunguka ioni ya metali na kuibana pande zote kwa mpigo, mithili ya kaa na gando lake. Metali na kelati yake kwa pamoja huitwa changamano. Ikiwa ndani ya changamano, metali haigandi hata alkali ikizidishwa, hainaswi kirahisi na udongo, na hupenya vichujio pamoja na maji. Njia mojawapo ya uhakika ya kuipata tena ni kuivunja kelati yenyewe kwa kuioksidisha. Kazi hiyo ina mitego yake, kwa kuwa kila metali hubadili namna kelati yake inavyovunjika, na zipo metali ambazo zikiguswa na kioksidishi hugeuka kuwa tatizo kubwa kuliko lile la mwanzo.

Kelati iliyoenea kuliko zote

Kelati inayotumika zaidi viwandani ni EDTA. Mwanakemia Ferdinand Münz aliitengeneza katika miaka ya 1930 akiwa na kampuni ya IG Farben ya Ujerumani, na mwaka 1935 ikaombewa hataza. Lengo lilikuwa kuizuia kalsiamu ya maji magumu isiharibu kazi ya kutia nguo rangi. Muongo uliofuata, Gerold Schwarzenbach wa Chuo Kikuu cha Zürich, Uswisi, aliichunguza kemia yake kwa kina na kuifanya kipimo cha kupimia metali majini. Mpaka leo ugumu wa maji hupimwa kwa njia hiyo katika maabara nyingi.

Matumizi yake yamesambaa mno. Vichupa vya damu vyenye kifuniko cha zambarau, vile vinavyotumika hospitalini kwa kipimo cha picha kamili ya damu, vina chumvi ya EDTA ndani yake. Huikamata kalsiamu ambayo damu inaihitaji ili igande. Chumvi ya chuma na EDTA huongezwa kwenye unga wa mahindi na ngano, Afrika Mashariki ikiwemo, kwa sababu chuma kilichofungwa hivyo hakiwahiwi na fitati za nafaka kabla mwili haujakifyonza. Viwanda vya karatasi huitumia kuifunga manganizi, ambayo ikiachwa huru huiharibu haidrojeni peroksaidi ya kung'arishia majimaji ya mbao. Viwanda vya bodi za saketi za elektroniki huitumia kuishikilia shaba ndani ya maji makali ya alkali, ambamo fomaldehaidi huigeuza kuwa utando wa metali juu ya plastiki. Bila EDTA, shaba hiyo ingeganda kuwa tope ndani ya beseni kabla ya kugusa bodi.

Nguvu ya mshiko hupimwa kwa namba za uthabiti, ambamo kila hatua moja ni mara 10 ya iliyotangulia. Kwa EDTA, kalsiamu ina 10.7, zinki 16.5, nikeli 18.6, shaba 18.8, na chuma chenye chaji tatu 25.1. Kwa maneno mengine, EDTA huishika shaba kwa nguvu inayozidi ile ya kuishika kalsiamu mara zaidi ya milioni 100. Siri ya nguvu hiyo iko kwenye umbo lake: naitrojeni mbili zilizounganishwa na uti mfupi wa kaboni, kila naitrojeni ikiwa na mikono miwili inayoishia na kundi la asidi. Jumla ni sehemu sita za kushikia, na zote hutua kwenye ioni moja.

Jaribio dogo la maabara huonyesha maana ya namba hizo. Bika mbili hutiwa maji yenye mrututu kidogo, yaani salfeti ya shaba, na moja kati yake huongezewa EDTA. Rangi ya samawati katika bika yenye EDTA hukolea. Kila bika kisha hutiwa kostiki soda, tone baada ya tone. Katika ile isiyo na EDTA, mawingu mazito ya samawati huibuka papo hapo, hutulia chini kama uji, na maji ya juu hubaki meupe. Ile yenye EDTA hubaki angavu na ya samawati vilevile, hata pH ikipita 10. Mtambo wa maji taka uliojengwa kwa ajili ya bika ya kwanza hauna la kufanya mbele ya bika ya pili.

Nje ya kiwanda

Changamano likishapita kwenye mtambo wa kiwanda, mabwawa ya majitaka ya mji nayo hulipunguza kidogo sana. Bakteria wa kawaida wa mabwawa hayo huigusa EDTA kwa shida. Wapo bakteria wachache waliotengwa maabara wenye uwezo wa kuila, mmojawapo akiwa wa aina iliyopewa jina BNC1, lakini nao hupendelea EDTA iliyoshika kalsiamu au magnesiamu. Ile iliyoshika shaba au nikeli huwashinda. Ndiyo maana EDTA ilizoeleka kuonekana katika mito ya Ulaya, na mwaka 1991 serikali ya Ujerumani na wenye viwanda walikubaliana kupunguza kiasi kinachoingia mitoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha miligramu 0.6 za EDTA katika lita ya maji ya kunywa. Hofu kubwa zaidi ni juu ya metali zinazobebwa: kiwango elekezi cha nikeli ni miligramu 0.07 kwa lita, na cha risasi ni 0.01.

Somo lililo wazi zaidi limetoka Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee, Marekani. Taka nururishi za kimiminika zilimwagwa huko kwenye mahandaki ya ardhini kwa matumaini kwamba udongo ungezinasa. Kobalti-60, ambayo nusu-maisha yake ni miaka 5.27, ilitarajiwa kung'ang'ania chembe za mfinyanzi na kufifia papo hapo ilipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science ulionyesha kwamba ilikuwa ikisafiri na maji ya chini ya ardhi, na kwamba aliyekuwa akiibeba ni EDTA iliyotumika katika kazi za kusafishia vifaa vyenye unururifu na kumwagwa pamoja na taka hizo.

Jinsi kelati inavyovunjika

Kioksidishi huanza kazi karibu na naitrojeni. Hunyakua elektroni au hidrojeni hapo, na mkono mmoja wa asidi hukatika, ukitoka kama asidi ya glioksiliki au kama fomaldehaidi na kaboni dioksidi. Kinachobaki ni molekuli yenye mikono mitatu. Hukatika wa pili, kisha wa tatu, uti wa katikati nao huvunjika, na hatimaye hubaki vipande vidogo: glisini, asidi ya oksaliki, asidi ya fomiki, amonia na naitreti. Kila mkono unaopotea huilegeza metali zaidi.

Hapo ndipo hesabu ya gharama inapoingia. Ili kuigeuza molekuli moja ya EDTA yote kuwa kaboni dioksidi, maji na amonia, zinahitajika molekuli 17 za haidrojeni peroksaidi. Kwa uzito, kila gramu 292 za EDTA hudai gramu 578 za peroksaidi safi, karibu mara mbili ya uzito wake. Kukata mkono mmoja tu, kwa nadharia, hudai molekuli moja ya peroksaidi. Katika uhalisia kiasi kikubwa hupotea njiani, lakini uwiano hausemi uongo: kulegeza mshiko ni rahisi mno kuliko kuteketeza kila kitu. Mtambo uliopangwa vizuri husimamisha uoksidishaji pale metali inapoanza kuganda yenyewe kwa alkali, na vipande vidogo vilivyobaki huachiwa bakteria, ambao huviweza vingi kati yake.

Vioksidishi na tabia zao

Klorini na hipokloriti ni rahisi na zinapatikana kila mahali, lakini huivunja EDTA polepole na huacha nyuma misombo ya kaboni yenye klorini, ambayo nayo ni uchafuzi. Kwa sababu hiyo hutumika kwa tahadhari.

Ozoni ina nguvu zaidi. Hutengenezwa papo hapo kwa umeme kutoka kwenye oksijeni na kupulizwa majini kama viputo. Huishambulia naitrojeni ya EDTA kwa kuufuata ule uwezo wake wa kutoa elektroni. Tatizo ni kwamba uwezo huohuo ndio unaotumika kuishika metali. EDTA iliyoshika kalsiamu, ambayo mshiko wake ni hafifu, huvunjwa na ozoni kwa kasi kubwa. Iliyoshika chuma chenye chaji tatu huvunjwa kwa kasi ndogo mara mia kadhaa, kwa sababu naitrojeni zake ziko kazini na hazishikiki. Metali humkinga mshikaji wake.

Kuvuka kinga hiyo kunahitaji kitu kisichochagua mahali pa kupiga. Radikali ya haidroksili ndiyo inayosifika kwa hilo. Uwezo wake wa kuoksidisha ni takriban volti 2.8, ukilinganisha na 2.07 za ozoni, 1.78 za haidrojeni peroksaidi na 1.36 za klorini. Hunyakua hidrojeni mahali popote kwenye mikono ya EDTA, metali iwepo isiwepo. Maisha yake ni mafupi mno, hivyo haiwezi kuhifadhiwa kwenye pipa. Ni lazima izaliwe ndani ya maji yaleyale inamofanyia kazi.

Njia kongwe ya kuizalisha ni ya H. J. H. Fenton wa Cambridge, Uingereza, ambaye mwaka 1894 alichapisha jinsi chuma chenye chaji mbili kikichanganywa na haidrojeni peroksaidi kinavyoioksidisha asidi ya tartariki. Maelezo kwamba radikali ya haidroksili ndiyo inayohusika yalikuja miongo kadhaa baadaye, kupitia kazi ya Fritz Haber na Joseph Weiss ya mwaka 1934. Njia ya Fenton hufanya kazi vizuri pH ikiwa karibu na 3. Nyingine ni kuangaza peroksaidi kwa taa za mionzi ya urujuanimno, kuchanganya ozoni na peroksaidi, kutumia titani dioksidi iliyoangaziwa, au kupitisha umeme kwenye elektrodi za almasi iliyotiwa boroni.

Metali nne, tabia nne

Chuma huvunjika na mwanga. Changamano la EDTA na chuma chenye chaji tatu hufyonza mionzi ya urujuanimno na hata ukingo wa mwanga wa kawaida wa jua. Nishati hiyo huisukuma elektroni kutoka kwenye mkono wa asidi kwenda kwa chuma. Mkono hutoa kaboni dioksidi na kukatika, na chuma hubaki na chaji mbili. Oksijeni iliyomo majini hukirudisha kwenye chaji tatu, na mzunguko huanza upya. Mtoni, katika maji ya juu yenye jua kali, changamano hilo huweza kupungua nusu ndani ya saa chache. Yale ya nikeli, zinki na shaba hayana udhaifu huo.

Wakulima wanaotumia mbolea ya maji hukutana na kemia hiyo bila kuitafuta. Mashamba ya maua kama yale ya Naivasha, Kenya, huwapa mimea chuma kilichofungwa na kelati ili kisigeuke kutu ndani ya mabomba. Pipa la mbolea hiyo likiachwa wazi juani, kelati huvunjika, chuma huganda kuwa mashapo ya kahawia, na majani machanga huwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Jambo hilohilo hutokea maji yanayozungushwa yanapopitishwa kwenye ozoni au taa za urujuanimno ili kuua vimelea. Ndiyo sababu mapipa hayo hutakiwa yasipitishe mwanga, na chuma huongezwa baada ya hatua ya kuua vimelea.

Shaba hutoa njia ya ujanja zaidi. Chuma chenye chaji tatu hushikwa na EDTA kwa nguvu kuliko shaba. Katika maji ya asidi, kikiongezwa cha kutosha, huiondoa shaba na kukaa mahali pake. Shaba sasa iko huru. Lakini pH ikipandishwa wakati huo, chuma ndicho kitakachoganda kwanza, EDTA itabaki bila mwenzake, na itairudia shaba. Kwa hiyo EDTA iliyohamia kwa chuma huvunjwa kwanza, kwa taa au kwa peroksaidi, ikiwa ingali katika asidi, ndipo alkali iingizwe. Hatua hizo zikipangwa kinyume, kazi yote hurudi mwanzo. Shaba yenyewe pia husaidia: imeonekana kwamba ioni zake huharakisha uvunjaji wa EDTA kwa ozoni kwa kupanda na kushuka chaji kama kichocheo.

Kobalti hukaidi. Ikiwa na chaji mbili, namba yake ya uthabiti na EDTA ni 16.3. Kioksidishi dhaifu, hata oksidi ya manganizi iliyomo kwenye udongo, huinyang'anya elektroni moja na kuipa chaji ya tatu, na hapo namba hiyo hupita 35. Changamano jipya halibadilishani metali kirahisi, halinaswi na udongo kirahisi, na husafiri mbali kuliko la awali. Uoksidishaji wa nusunusu, kwa kobalti, huukaza mshiko uliokusudiwa kulegezwa. Mitambo ya taka za vinu vya nyuklia hulazimika kuivunja kelati kabisa: kwa ozoni nyingi, kwa mionzi ya urujuanimno pamoja na kichocheo, au kwa peroksaidi katika maji yenye joto la zaidi ya nyuzi 200 yaliyobanwa kwa shinikizo. Katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi, ozoni hutangulia kuvunja kelati katika taka za kimiminika, kobalti huchujwa, kisha sizi (cesium) hunaswa na vinasio maalumu.

Kromi ni ya hatari zaidi. Viwanda vingi vya ngozi hulainisha ngozi kwa chumvi za kromi yenye chaji tatu, na sehemu ya kromi hiyo hutoka ikiwa imeshikwa na asidi za kaboni na mabaki ya protini. Kromi ya chaji tatu ina sumu ndogo. Kioksidishi kikali kinachotumwa kuivunja kelati yake huweza kuifikisha chaji sita, ambayo huyeyuka kirahisi na inajulikana kusababisha saratani. Mtambo unaofuata njia hiyo ni lazima uwe na hatua ya ziada: baada ya uoksidishaji, maji hutiwa asidi na bisalfaiti au chuma chenye chaji mbili ili kuirudisha kromi kwenye chaji tatu, kisha ndipo igandishwe.

Uendeshaji na vipimo

Katika mtambo wa kawaida wa kushughulikia shaba na nikeli, maji yenye kelati hutengwa na maji mengine tangu kwenye chanzo. Yakichanganywa na maji ya kusuuzia, EDTA iliyozidi hukamata metali nyingine ambazo zingeganda bila shida, na kiasi cha maji ya kuoksidishwa huongezeka bure. Asidi hutiwa kwanza, chuma hufuata, kisha peroksaidi huingizwa kidogo kidogo. Ikimwagwa yote kwa mkupuo mmoja, peroksaidi iliyozidi huzimeza radikali zenyewe, maji hupata joto na povu hufurika. Bikaboneti na kloridi nyingi pia hunyonya radikali, hivyo maji yenye chumvi nyingi hudai kioksidishi zaidi. Pale ozoni inapotumika na maji yana bromidi, huweza kuzaliwa bromati, ambayo kiwango chake elekezi katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita.

Kipimo cha kujua kazi imefikia wapi ni rahisi. Sampuli ndogo hupandishwa pH, huchujwa, na metali iliyobaki kwenye maji yaliyochujwa hupimwa. Ikishuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa, uoksidishaji umetosha. Kipimo cha mahitaji ya oksijeni ya kikemia huweza kudanganya hapa: peroksaidi iliyobaki humenyuka na dikromati ya kipimo hicho na kuyafanya maji yaonekane machafu kuliko yalivyo. Huondolewa kwanza, kisha ndipo kipimo kifanyike.

Mwisho wa yote, uoksidishaji huiharibu kelati na kuiacha metali. Shaba, nikeli au kobalti hubaki na uzito uleule, sasa ikiwa ndani ya tope pamoja na haidroksidi ya chuma, na tope hilo linahitaji kukamuliwa, kuhifadhiwa panapofaa, au kupelekwa kwa wanaoweza kuirejesha metali. Wakati huohuo, viwanda vingi vya sabuni na usafi vimehamia kwenye kelati zinazoliwa na bakteria, kama GLDA, inayotengenezwa kutokana na asidi ya glutamiki, na MGDA. Mshiko wake kwa metali nzito ni hafifu kuliko wa EDTA, jambo ambalo kwa kazi ya kulainisha maji si kasoro. Pale mshiko wa nguvu unapohitajika kweli, kama katika mabeseni ya shaba na usafishaji wa vinu, EDTA ingali inatumika, na uoksidishaji unaopangwa kwa kufuata metali iliyomo ungali sehemu ya lazima ya mtambo wa maji taka.